Samaki wangu jike amepona majeraha: nimrudishe lini kwenye tangi la wenzake?

«Shikamoo daktari. Tunaishi Dar es Salaam, na mimi na binti yangu tunafuga samaki kumi na wanne aina ya mbuna, wale wa miamba ya Ziwa Nyasa, katika tangi la lita 240 lenye urefu wa sentimita 120. Wiki tano zilizopita tulimkuta jike wetu wa manjano amejibanza nyuma ya chujio, mkia umechanika hadi karibu na shina, na ubavuni magamba yametoka sehemu yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Anayeonea wenzake tunamjua: ni dume mweusi mwenye mistari myeupe ya samawati, ambaye tulimnunua akiwa mdogo na wa manjano. Majeruhi tulimhamishia kwenye tangi la lita 40, tukaweka vijiko vikubwa vinne vya chumvi, na kila baada ya siku mbili tunabadilisha robo ya maji na kuweka tena vijiko vinne. Wiki mbili zilipopita alionekana mzima, tukamrudisha. Ndani ya saa moja alikuwa juu kwenye kona, anahema, na yule dume anamgonga ubavuni. Tukamtoa. Sasa anakula vizuri, kidonda kimefunga na mkia umeota, ila ukingo wake ni mweupe. Jirani anasema wenzake wamemkataa kwa kuwa ananuka dawa. Aliyetuuzia anasema tumwache tu humo, watazoeana. Binti yangu anasema samaki ana upweke. Nimrudishe lini, na kwa njia gani?»

Marahaba. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu kuna jambo ulilolitaja kwa kupita tu ambalo naamini lilichangia sana jaribio la kwanza kushindwa, nalo ni chumvi. Nitalifikia. Wasiwasi wako ninavyouelewa ni huu: una samaki ambaye mwili wake unaonekana umepona, na unaogopa kwamba ukimrudisha utakuwa umempeleka kwa mkono wako mwenyewe akapigwe upya. Una haki ya kuogopa. Katika maelezo yako yote nimetafuta kitu kimoja kilichobadilika ndani ya tangi kubwa tangu siku alipoumizwa, na sijakiona. Dume ni yuleyule, mawe yako palepale, na nafasi aliyokuwa nayo huyu jike imeshachukuliwa na wengine.

Tuanze na mwili wake. Ngozi ya samaki haifanani na yetu. Magamba yamepandwa ndani ya ngozi, na juu yake kuna tabaka jembamba la seli hai lililofunikwa na ute. Tabaka hilo likikwanguliwa, seli za pembeni hutambaa kuziba pengo kwa kasi ya ajabu, na katika maji yenye uvuguvugu kidonda kidogo kinaweza kufunikwa ndani ya siku moja tu. Hapo ndipo wafugaji wengi hudanganyika. Kufunikwa si kupona, kwa kuwa ngozi ya ndani na nyama iliyo chini yake huhitaji wiki kadhaa, na magamba mapya huota taratibu, mara nyingi yakiwa madogo na yasiyopangika sawasawa kama yale ya mwanzo. Mlipomrudisha baada ya wiki mbili, jeraha lilikuwa na mfuniko lakini chini yake ujenzi ulikuwa bado unaendelea. Wiki tano ni muda unaoridhisha zaidi.

Ule ukingo mweupe wa mkia, kwa jinsi ulivyoueleza, haunitishi, lakini uhakikishe mwenyewe. Usiku, taa ya tangi ikiwa imezimwa, mmulike kwa tochi kutoka ubavuni. Pezi linaloota huwa jembamba, jeupe la kupitisha mwanga kama karatasi iliyolowa mafuta, na utaona mifupa myembamba ya pezi ikiendelea ndani yake kwa mistari iliyonyooka. Ukungu una sura nyingine kabisa: ni nyuzi kama pamba iliyochambuliwa, umetokeza nje ya pezi, na hutikisika samaki anapogeuka. Ukiona pamba, au ukiona weupe unarudi nyuma kuelekea kwenye shina la mkia siku baada ya siku, habari ya kumrudisha iahirishwe.

Sasa chumvi. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji anayoishi, takribani gramu 9 kwa lita, ilhali maji yenyewe hayafikii hata gramu 1. Kwa hiyo maji humwingia muda wote kupitia matamvua na ngozi, na chumvi humtoka. Figo zake hutoa maji hayo kwa mkojo mwingi, na seli maalumu za matamvua hufanya kazi mchana na usiku kuivuta chumvi irudi mwilini. Kidonda ni tundu katika ukuta huo. Ndiyo maana chumvi kidogo kwenye maji, gramu 1 hadi 3 kwa lita, humpunguzia majeruhi mzigo, na uamuzi wenu wa mwanzo ulikuwa mzuri. Kijiko kikubwa kimoja hubeba gramu 15 hivi, kwa hiyo vijiko vinne katika lita 40 vilimpa gramu moja na nusu kwa lita.

Tatizo liko katika kurudia. Chumvi haiyeyuki hewani wala haichujwi na chujio, na hutoka tu pale maji yanapotoka. Mlipotoa robo ya maji mlitoa robo ya chumvi, kisha mkaongeza kipimo kizima badala ya robo ya kipimo, yaani kijiko kimoja. Ukipiga hesabu hiyo kwa kila baada ya siku mbili, katika wiki mbili maji yalishapita gramu 5 kwa lita, na leo yamekaribia gramu 6, mara nne ya mlivyokusudia. Mbuna huvumilia kiasi hicho, na hata huonekana wachangamfu ndani yake kwa sababu kazi ya matamvua imepungua. Lakini siku mlipomchukua kutoka maji hayo na kumtia moja kwa moja kwenye tangi lisilo na chumvi, matamvua yake yalilazimika kuanza kazi nzito kwa ghafla, wakati huohuo akifukuzwa. Samaki aliyekaa juu kwenye kona akihema si lazima awe anahema kwa hofu peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, iondoeni chumvi polepole. Kila siku kwa siku 10 toa robo ya maji ya tangi dogo, lita 10, na ujaze maji kutoka tangi kubwa, kisha lile kubwa ulijaze kwa maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Mwisho wa siku hizo chumvi itakuwa chini ya nusu gramu kwa lita, na jike wako atakuwa anaishi katika maji yaleyale ya wenzake, kwa wingi wa chumvichumvi za mawe na kwa pH, kipimo cha uasidi wa maji. Maji yaende upande mmoja tu, kutoka kubwa kwenda dogo, na wavu wa tangi la wagonjwa usiingie kwenye lile jingine. Pima amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kabla ya siku ya kwanza. Tangi dogo lisilo na chujio lililokomaa, yaani lenye bakteria wa kutosha wa kuiondoa, hulimbikiza amonia, na amonia hubadilika sura kulingana na pH: katika maji ya pH 7 yenye nyuzi 25 sehemu iliyo sumu haifiki hata asilimia 1, lakini kwa pH 8.5, ambayo mbuna wameizoea, hufika kama asilimia 15. Ukikuta amonia, badilisha maji kwanza mpaka kipimo kionyeshe sifuri, vinginevyo hayo maji mazuri ya tangi kubwa, kwa kupandisha pH, ndiyo yatakayomdhuru.

Niseme sasa juu ya yule dume, kwa sababu kiini cha swali lako kiko kwake. Kwa sura uliyoieleza ni Melanochromis auratus. Wachanga na majike wa aina hii ni wa manjano wenye mistari myeusi, na dume anapotawala hugeuka mweusi mwenye mistari hafifu. Rangi hiyo aliyoivaa ndiyo tangazo lake kwamba tangi ni lake. Sasa fikiria: katika tangi lenu hukutaja majike wa aina yake, na kiumbe wa manjano aliye karibu ni huyu jike wenu, ambaye kwa maelezo yako nadhani ni Labidochromis caeruleus. Rangi yake inamfanya afanane kiasi na jike wa dume huyo, kwa hiyo humwendea kwa uchumba, na anapokosa itikio linalomfaa, uchumba hugeuka kipigo.

Nimewahi kuwatazama mbuna katika makazi yao, kwenye miamba ya Mbamba Bay upande wetu wa Ziwa Nyasa, nikiwa nimevaa miwani ya kuogelea na kulala kimya juu ya maji. Dume hulinda jiwe lake na mwani ulioota juu yake. Mwingine akisogea, hutoka kama mshale, humfukuza umbali wa mita moja au mbili, kisha hurudi kwake. Yule aliyefukuzwa yuko salama akishavuka mpaka, na baada ya muda mfupi tu utamwona anakwangua mwani kwenye jiwe jingine kana kwamba hakuna lililotokea. Ugomvi wote huo hauchukui hata nusu dakika. Katika tangi la sentimita 120 mpaka huo haupo. Samaki anakimbia mpaka kwenye kioo, anageuka, na bado yuko ndani ya eneo la mwenye jiwe, ambaye kwa macho yake huyu ni mvamizi anayekataa kuondoka. Hivyo kipigo kinaendelea saa nzima, siku nzima. Dume wenu hana roho mbaya. Amefungiwa pamoja na mtu asiye na pa kukimbilia.

Hapo utaona kwa nini sikubaliani na ushauri wa muuzaji kwamba watazoeana. Samaki hawa wanakumbuka. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba madume wa Astatotilapia burtoni, jamaa wa mbuna kutoka Ziwa Tanganyika, hujifunza nani ana nguvu kuliko nani kwa kutazama tu wenzao wakipigana, bila wao wenyewe kuingia ulingoni. Wale samaki wengine kumi na wawili katika tangi lenu walikuwepo jike wenu alipopigwa, mara mbili. Naye mwenyewe anajua kwamba ameshindwa, na aliyeshindwa jana huingia pambano la leo akiwa amekunja mapezi, jambo linalowaalika hata wale ambao hawakuwahi kumgusa. Kumwacha humo wazoeane ni kumwacha apigwe mpaka aache kula.

Jirani yako amekaribia ukweli kwa njia nyingine. Harufu ni lugha muhimu kwa samaki, lakini kinachomponza jike wenu ni kwamba ametoka kwa wiki kadhaa na akarudi kama mgeni kwenye nyumba ambayo kila chumba kina mwenyewe. Samaki mzima asiyewahi kuona dawa angepokewa hivyohivyo.

Njia zilizopo ni tatu, na nitakuambia ninavyoziona. Ya kwanza, ambayo ningeichukua kwangu, ni kumwondoa yule dume moja kwa moja na kumpa mfugaji mwenye tangi kubwa la mbuna wakali, au kumrudisha dukani. Najua watu humpenda kwa uzuri wake. Lakini mkimrudisha huyu jike huku dume akibaki, mtakuwa mnasubiri jeraha la pili, na asipokuwa yeye atakuwa mwingine. Nilipoanza kazi hii niliwahi kumrudisha jike aliyepona kwenye tangi lenye dume wa aina hiihii, jioni, baada ya kuona saa mbili za utulivu. Asubuhi nilimkuta chini, macho yameshatolewa. Tangu hapo utulivu wa saa mbili haunishawishi.

Ya pili ni kumtoa dume kwa muda ili akirudi awe yeye ndiye mgeni. Hufanya kazi mara nyingi kwa mbuna wa kawaida, na kwa auratus matokeo yake hayatabiriki. Ya tatu ni kutomrudisha kabisa, na kumtafutia jike tangi lingine lenye wenzake wapole. Hilo si kushindwa. Samaki aliyepoteza shina la pezi, aliyepofuka jicho, au aliyekwisha kupigwa mara tatu, mimi humwambia mwenye tangi amtafutie makao mapya, na wako anakaribia hesabu hiyo. Ipo pia njia ya kuweka kioo au plastiki yenye matundu kugawa tangi kwa siku nne au tano. Naitumia kwa samaki waliopotezana kidogo. Kwa mnyanyasaji wa namna hii huwa analigonga pazia kutwa, na jike hapumziki hata kidogo. Njia yoyote mtakayoichagua, msimtupe dume huyo kwenye bwawa au mto. Katika Ziwa Nyasa lenyewe, biashara ya samaki wa mapambo iliwahi kuwahamishia mbuna wa sehemu nyingine za ziwa kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, ambako hawakuwa wenyeji, na wamebaki huko hadi leo.

Mkikubali njia ya kwanza au ya pili, kazi yenyewe ifanyike jioni moja, baada ya zile siku 10. Walisheni samaki wa tangi kubwa vizuri. Mtoeni dume, na kwa kuwa maji ya tangi dogo sasa ni yaleyale ya kubwa, anaweza kuingia humo bila taabu mara jike anapotoka. Kisha yapangeni mawe upya, yote, hata yale mnayoyaona yako mahali pazuri. Mwenye pango akikuta pango halipo, huanza upya kama wengine, na usiku huo kila mmoja atakuwa anajitafutia mahali badala ya kulinda. Mawe makubwa yakae juu ya kioo cha chini chenyewe, na mchanga umwagwe baadaye, kwa kuwa mbuna huchimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga huporomoka. Kila pango liwe na matundu mawili, maana pango la tundu moja ni mtego.

Zimeni taa, subirini nusu saa, ndipo mumtie jike akiwa kwenye chombo, si kwenye wavu, ili mapezi mapya yasinase. Samaki hawa hutulia gizani, kwa hiyo atapata usiku mzima wa kuyajua mawe. Saa ya hatari ni mwanga wa kwanza wa asubuhi. Uwe hapo. Kufukuzwa mara moja moja na kuachwa akijificha ni jambo la kawaida, hata akipoteza gamba moja usishtuke. Lakini mtu akimfuata mpaka ndani ya maficho na kumtoa, au ukimkuta amesimama juu kwenye kona huku mapezi yamebana, mtoe saa hiyohiyo. Wakati wa chakula mwageni ncha zote mbili za tangi kwa pamoja, asilazimike kupita mbele ya mkubwa ili ale. Siku mbili zikipita naye amejitokeza kula pamoja na wenzake, nitaamini.

Kama mtachagua njia ya pili, dume abaki tangi dogo kwa siku saba, mkimbadilishia maji kila siku, na atakaporudi mawe yahamishwe tena. Mara hii hakuna jaribio la tatu: akianza upya, aondoke.

Kuna dalili ambazo sitaki mzishughulikie kwa ushauri wa kuandikiana. Jeraha likifunguka tena au likawa na ukingo mwekundu, jicho likitokeza, tumbo likivimba na magamba kusimama kama maganda ya nanasi, au samaki wa pili akaugua, mwoneni daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa samaki. Nendeni na video ya samaki iliyopigwa kwa simu, chupa safi ya maji ya tangi, na maelezo ya kila mlichoweka humo, pamoja na hesabu ya chumvi. Anayefahamu samaki si rahisi kumpata kila mji, lakini vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Msinunue vidonge vya binadamu duka la dawa na kuvisagia ndani ya maji. Dawa hizo zinaweza kuua pia bakteria wa chujio, na kesho yake mkawa na amonia. Ila akiacha kula huku koo lake limetuna na mdomo ukitafunatafuna bila chakula, hiyo si dalili ya ugonjwa: jike wa mbuna hubeba mayai na watoto mdomoni kwa wiki tatu hivi. Mkimwona hivyo sasa, mwacheni tangi dogo amalize kwanza.

Kwa binti yako: mbuna wa manjano hawaishi kwa kundi linaloshikamana kama dagaa, na hakuna anachokikosa kwa kukaa peke yake wiki mbili zaidi, mradi ana jiwe la kujificha na maji safi. Lakini jicho lake ninalihitaji. Mpe daftari na saa, na kila jioni ya zile siku 10, kabla ya chakula, ahesabu mara ngapi vifuniko vya matamvua vya huyu jike vinafunguka katika dakika moja, kisha ahesabu vya samaki wawili watulivu wa tangi kubwa. Chumvi inavyopungua hesabu ya jike inaweza kupanda kidogo siku za mwanzo. Siku ya 10 ikifika na hesabu zake ziko sawa na za wenzake kwa jioni tatu mfululizo, pangeni mawe. Zikiwa bado juu, mpeni siku 5 nyingine na mhesabu tena.